Stepanakert au Khankendi: Mgogoro wa Jina la Mji katika Kaukazi ya Kusini

Katika Kaukazi ya Kusini, yaani nchi ya milima iliyo baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, upo mji mdogo kando ya mto Karkar, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 800 kutoka usawa wa bahari, ambao Waarmenia huuita Stepanakert na Waazabajani huuita Khankendi. Kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na jina la tatu la kumwokoa mtu asiyependa kuegemea upande wowote, kwa kuwa mwanadiplomasia, mwandishi wa habari au mchora ramani aliyetaja mojawapo ya majina hayo alihesabiwa kuwa amekwisha kutoa hukumu juu ya nani mwenye haki ya kuutawala mji. Suala la utawala limeamuliwa kwa silaha, lakini jinsi majina hayo yalivyozaliwa na kupokezana nafasi haifanani sana na masimulizi yanayotolewa na wazalendo wa pande hizo mbili.

Hata eneo linalouzunguka mji huo halina jina lisilo na utata. Katika habari za kimataifa, zikiwemo zile za idhaa na magazeti ya Kiswahili, limezoeleka kuitwa Nagorno-Karabakh, jina lililoungwa kwa lugha tatu: nagorno ni neno la Kirusi lenye maana ya “ya milimani”, kara ni “nyeusi” kwa lugha za jamii ya Kituruki, na bakh limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya bustani. Waarmenia hupendelea kuliita Artsakh, ambalo lilikuwa jina la jimbo la ufalme wao wa kale, na serikali iliyojitangazia uhuru katika eneo hilo ililifanya kuwa jina rasmi kwa kura ya maoni ya Februari 2017. Azabajani kwa upande wake husema Karabakh tu, kwa sababu inaona kwamba kuitenga sehemu ya milimani kwa jina lake peke yake ni kukubali kimyakimya kwamba sehemu hiyo ina hadhi ya pekee.

Kuhusu mji wenyewe, Waarmenia husimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji kilichoitwa Vararakn, kwa maana ya chemchemi yenye mkondo wa kasi, ambacho hutajwa katika maandishi ya karne za kati. Waazabajani husimulia kwamba mji ulianza mwishoni mwa karne ya 18 kama makazi ya makhan wa Karabakh, yaani watawala Waislamu waliokuwa na makao yao makuu katika ngome ya Shusha iliyo karibu, na ndiyo sababu ukaitwa Khankendi, kijiji cha khan. Masimulizi haya mawili hayagongani kama wasimulizi wake wanavyotaka yagongane, kwa maana katika nchi ambayo wakulima wa lugha moja na wafugaji wa lugha nyingine walitumia mabonde yaleyale kwa karne nyingi, si ajabu kijiji kimoja kuwa na jina kwa kila lugha bila mtu kuona haja ya kumshtaki mwenzake. Lisilobishaniwa ni kwamba Urusi ilipouweka ukhan wa Karabakh chini yake mwaka 1805, kisha Uajemi ikakubali jambo hilo kwa mkataba wa 1813, jina lililoingia katika nyaraka za dola hiyo lilikuwa Khankendi, na kwa jina hilo kijiji kikawa kituo cha jeshi la Kirusi katika karne ya 19.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama kwa makini asili ya jina la Stepanakert, kwa sababu halikutungwa na wazalendo wa Kiarmenia, wala halikuletwa kutoka Yerevan. Mwezi Julai 1923 serikali ya Kisovieti ya Azabajani, iliyokuwa na makao yake Baku, iliunda mkoa uliojiendeshea mambo yake ya ndani kwa ajili ya Waarmenia wa Karabakh, ambao walikuwa wengi zaidi katika milima hiyo lakini ambao viongozi wa Kibolsheviki waliamua wabaki ndani ya mipaka ya Azabajani. Mji mkuu wa asili wa eneo hilo ulikuwa Shusha, lakini mitaa ya Waarmenia ya mji huo ilikuwa imeteketezwa na wakazi wake kuuawa au kufukuzwa katika mauaji ya Machi 1920, kwa hiyo makao makuu yakahamishiwa Khankendi, na katika mwaka huohuo wa 1923 mji ukapewa jina la Stepanakert kwa heshima ya Stepan Shaumian. Mwaka 1926 msanifu majengo Alexander Tamanian, ambaye ndiye aliyechora ramani ya Yerevan ya kisasa, alikabidhiwa kazi ya kuupangia mitaa.

Shaumian alikuwa Mwarmenia, lakini hakuwa mwana wa Karabakh. Alizaliwa mwaka 1878 Tiflis, mji ambao leo unaitwa Tbilisi na ni mji mkuu wa Georgia, akawa miongoni mwa wafuasi wa karibu wa Lenin katika Kaukazi, na mwaka 1918 akaongoza Komyuni ya Baku, serikali ya kimapinduzi iliyodumu kuanzia Aprili hadi Julai. Baada ya serikali hiyo kuanguka alikimbia kwa meli pamoja na wenzake, wakakamatwa ng’ambo ya Bahari ya Kaspi, na mwezi Septemba 1918 makomisari 26 wakapigwa risasi katika jangwa ambalo sasa liko Turkmenistan. Dola ya Kisovieti iliwafanya kuwa mashahidi wake, na jina la Shaumian likasambazwa kwenye mitaa, vijiji na miji, ukiwemo mji wa Stepanavan ulioko Armenia. Mtu aliyeamini kwamba mataifa yangeyeyuka ndani ya mapambano ya wafanyakazi, na aliyepinga uzalendo wa kila kabila ukiwemo wa kwake, ndiye aliyegeuzwa kuwa nembo ya mgogoro wa kitaifa ulio mkali kuliko yote katika Kaukazi. Tena jina lake likaungwa na kiambishi kert, ambacho katika Kiarmenia kilitumika zamani kwa miji iliyojengwa na wafalme, kama vile Tigranakert, mji wa mfalme Tigran. Mkomunisti huyo alivishwa taji ambalo bila shaka hakuliomba.

Kwa Waazabajani, mtu huyohuyo ana sura nyingine kabisa. Machi 1918, wakati Shaumian akiongoza Wabolsheviki wa Baku, mapigano ndani ya mji huo yaligeuka kuwa mauaji ya maelfu ya Waislamu, yaliyofanywa na vikosi vya Kibolsheviki pamoja na wapiganaji wa chama cha kizalendo cha Kiarmenia cha Dashnak, na tangu 1998 Azabajani huiadhimisha tarehe 31 Machi kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga hao. Mwaka 2009 ukumbusho wa makomisari 26 uliokuwa katikati ya Baku ulibomolewa na mifupa ikahamishwa. Anayeelewa jambo hili ataelewa pia kwa nini afisa wa Kiazabajani hulisikia jina la Stepanakert kama tusi, ingawa ni serikali ya Baku yenyewe, katika zama nyingine na chini ya itikadi nyingine, iliyolibandika.

Kwa miaka 65 hivi jina hilo halikuleta ugomvi mkubwa. Lilikuwa katika hati za kuzaliwa, tiketi za mabasi na vitabu vya shule vya jamhuri zote mbili, na marais wawili wa baadaye wa Armenia, Robert Kocharyan na Serzh Sargsyan, wote walizaliwa hapo mwaka 1954 katika mji ambao hata ofisi za Baku ziliuandika Stepanakert. Mambo yalibadilika tarehe 20 Februari 1988, pale baraza la mkoa lilipopiga kura kuomba eneo lihamishiwe Armenia. Katika miezi iliyofuata jamii hizo zilianza kutengana kwa nguvu: Septemba 1988 Waazabajani walifukuzwa Stepanakert, na Waarmenia waliokuwa wamebaki Shusha wakafukuzwa huko, umbali wa kilomita chache tu. Tarehe 26 Novemba 1991, wakati Umoja wa Kisovieti ukivunjika, bunge la Azabajani lilifuta mamlaka ya ndani ya mkoa huo na kuurudishia mji jina la Khankendi. Hiyo ilikuwa sheria iliyotungwa juu ya mji ambao walioitunga hawakuweza kuuingia, na uliokuwa umekwisha kupoteza wakazi waliokuwa wakiuita kwa jina hilo.

Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini Waarmenia hawakuliacha jina la Mbolsheviki wakati huo, ilhali ndani ya Armenia yenyewe Leninakan ulikuwa unakuwa Gyumri na Kirovakan unakuwa Vanadzor. Vararakn lilikuwepo, lilikuwa la kale, na lisingemtukuza komisari yeyote. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba kulifuta jina la Stepanakert katika mwaka ambao Baku imelifuta kungeonekana kama kutii, na jina ambalo adui anadai lifutwe hupata thamani ambayo halikuwa nayo siku lilipotolewa. Stepanakert liliacha kumhusu Stepan, likawa tamko la wakazi kwamba wapo na hawatoki.

Vita vilivyomalizika kwa usitishaji mapigano wa Mei 1994 viliwaacha Waarmenia wakiushikilia mji, sehemu kubwa ya mkoa wa zamani na wilaya za Kiazabajani zilizouzunguka, ambako mamia ya maelfu ya Waazabajani walilazimika kuhama. Hapo mchezo wa majina ulienda upande wa pili. Aghdam, mji uliobaki magofu, uliitwa Akna katika ramani za Kiarmenia. Kalbajar ukawa Karvachar, Lachin ukawa Berdzor, na Khojaly, mahali ambapo raia wengi wa Kiazabajani waliuawa Februari 1992, ukapewa jina la Ivanyan kwa kumbukumbu ya jenerali wa Kiarmenia. Wala tabia hiyo haikuanza na vita, kwani ndani ya Armenia ya Kisovieti majina mengi ya vijiji yenye asili ya Kituruki yalibadilishwa kwa miongo kadhaa, kama vile Basargechar uliofanywa Vardenis mwaka 1969. Kila upande huliona badiliko lake kuwa ni kurejesha haki ya kale na la mwenzake kuwa ni wizi, na msomaji asiye na ndugu katika vita hivyo anaweza kusema bila woga kwamba njia zilizotumika zilikuwa zilezile.

Nje ya eneo, tatizo la nini kiandikwe lina kanuni zake. Umoja wa Mataifa una kundi la wataalamu wa majina ya kijiografia, na mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina hayo ulifanyika Geneva mwaka 1967. Wataalamu hao hutofautisha endonimu, yaani jina linalotumiwa na watu wanaokaa mahali katika lugha yao, na eksonimu, yaani jina linalotumiwa na watu wa lugha nyingine wasiokaa hapo. Kanuni yao kuu ni kwamba jina la kimataifa lifuate lile lililoidhinishwa na mamlaka ya nchi yenye ardhi. Kwa kuwa hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyewahi kuitambua jamhuri ya Karabakh, hata Armenia yenyewe, na maazimio manne ya Baraza la Usalama ya mwaka 1993 yalithibitisha kwamba eneo ni la Azabajani, jibu la kanuni lilikuwa Khankendi. Lakini endonimu ya wakazi waliokuwa wakiamka na kulala katika mji huo ilikuwa Stepanakert. Kanuni hiyo ilitungwa kwa kudhani kwamba anayekaa na anayetawala ni wamoja au wanasikilizana, na pale dhana hiyo inapovunjika, kanuni humpa ushindi mwenye dola.

Mashirika makubwa ya habari yalitafuta njia ya katikati kwa kuandika jina moja na kueleza kwamba upande wa pili hutumia jingine. Njia hiyo ni ya uungwana lakini haikumaliza shauri, kwa sababu mara moja ubishi ulihamia kwenye mpangilio: lipi litangulie, lipi liwe ndani ya mabano, na je, mji uitwe “mji mkuu”, jambo linaloashiria kwamba pana nchi, au “mji mkubwa wa eneo”. Tahajia nayo haikusalimika, kwani Azabajani imebadilisha alfabeti mara tatu katika karne moja, kutoka ya Kiarabu kwenda ya Kilatini, kisha ya Kirusi, kisha ya Kilatini tena, hivyo jina hilohilo la Khankendi huonekana katika ramani za vipindi tofauti kana kwamba ni majina mbalimbali.

Kilichoamua hatimaye hakikutoka Geneva. Kwa vita vya siku 44 vya mwaka 2020 na makubaliano yaliyovimaliza, Azabajani ilitwaa tena wilaya zilizouzunguka mkoa pamoja na Shusha, mji ambao kutoka juu ya jabali lake unauona Stepanakert bondeni. Desemba 2022 barabara ya Lachin, njia pekee ya kwenda Armenia, ilizibwa, na wakazi wakaishi miezi kadhaa kwa uhaba wa chakula, dawa na mafuta. Tarehe 19 Septemba 2023 jeshi la Azabajani lilishambulia, siku iliyofuata uongozi wa Karabakh ukasalimu amri, na ndani ya wiki moja hivi Waarmenia zaidi ya 100,000, karibu wote waliokuwa wamebaki, wakahamia Armenia katika msafara mmoja mrefu wa magari. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioingia siku ya kwanza ya Oktoba, wa kwanza kufika huko baada ya miaka ipatayo 30, ulikuta mji karibu mtupu, na katika taarifa yake ukauita Khankendi. Tarehe 15 Oktoba Rais Ilham Aliyev alipandisha bendera hapo, na Julai 2025 mji huo ukawa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiuchumi, uliohudhuriwa na viongozi wa Uturuki, Iran na Pakistan. Mkutano wa aina hiyo una kazi zake za biashara na usafirishaji, lakini una faida nyingine isiyoandikwa kwenye ajenda: kila mwaliko na kila habari iliyotoka hapo ilibeba jina la Khankendi kwenda katika miji mikuu ya nchi jirani.

Ulinganisho na mji wa Ireland Kaskazini wenye majina mawili unaangaza jambo hili vizuri. Wazalendo wa Kiairishi, wengi wao Wakatoliki, huuita Derry, kutokana na neno la Kiairishi la msitu wa mialoni, na waungaji mkono wa muungano na Uingereza huuita rasmi Londonderry, jina lililotolewa kwa hati ya mfalme mwaka 1613 wakati vyama vya wafanyabiashara wa London vilipopewa ardhi huko. Mwaka 1984 baraza la mji lilibadili jina lake likawa la Derry, lakini mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba mji wenyewe unabaki Londonderry hadi hati ile ibadilishwe kwa sheria au kwa mamlaka ya kifalme. Mtangazaji wa redio Gerry Anderson, aliyefariki mwaka 2014, aliubatiza “mji wa mkwaju” kwa kuwa watu makini huandika majina yote mawili yakitenganishwa na alama hiyo, na wenyeji wengi wakaupokea mzaha huo. Mzaha umewezekana kwa sababu jamii zote mbili bado zinakaa hapo, zinapanda basi moja na kusimama foleni moja benki. Katika Karabakh hapakubaki mtu wa kutaniwa: Waazabajani waliondolewa mjini mwaka 1988 na Waarmenia wakaondoka mwaka 2023, na kila mara jina moja liliimarika si kwa nguvu ya hoja zake bali kwa sababu midomo iliyolitamka jingine haikuwepo tena.

Wasomaji wa Afrika Mashariki na Kati wanakumbuka mabadiliko ya aina tofauti, kama vile Stanleyville uliofanywa Kisangani mwaka 1966, ambapo jina rasmi lilikuja kulifuata lile ambalo wasemaji wa Kiswahili wa huko walikuwa nalo tayari, na hakuna jamii ya wenyeji iliyojiona imefutwa. Kufananisha badiliko hilo na la Karabakh, kama wafanyavyo baadhi ya watetezi wa Baku wanapozungumzia kuondoa alama za ukoloni wa Kisovieti, kunaacha nje jambo kuu, nalo ni watu waliozaliwa, kuoana na kuzika wazazi wao katika Stepanakert, ambao sasa wako Armenia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliagiza tarehe 17 Novemba 2023 kwamba wanaotaka kurudi waruhusiwe kurudi kwa usalama na bila vizuizi. Ni wachache mno waliothubutu.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili, ambaye mara nyingi hupokea majina haya kutoka kwa mashirika ya habari ya lugha nyingine na kuyanakili kama yalivyo, kanuni inayofaa ni ile ambayo wanahistoria huitumia kwa vita vya Stalingrad, ambavyo havijawahi kuitwa vita vya Volgograd ingawa mji umeitwa hivyo tangu 1961. Habari ya utawala wa leo iandikwe Khankendi, kwa kuwa ndilo jina la kisheria na ndilo linalotumika hapo sasa. Tukio la mwaka 1930, la 1988 au la Septemba 2023, pamoja na mahali alipozaliwa mkimbizi aliyeko Yerevan, liandikwe Stepanakert, na jina la pili litajwe mara moja mwanzoni ili msomaji asipotee. Wahariri wa magazeti na idhaa za Kiswahili wasilifanye chaguo hilo kwa kufuata tu jina lililowafikia kwa taarifa ya shirika la habari. Waliamue wenyewe, waliandike katika mwongozo wa chumba cha habari, na walifuate hata pale balozi wa upande mmoja atakapopiga simu kulalamika.